Kumfunza Mtoto wa Kiswahili Misingi ya Sarufi ya Kiingereza

Mhadhara uliosomwa mbele ya waalimu na wazazi, Tanga



Muradi wangu ni mmoja, nami nautaja mapema ili kila mtu anipime kwao. Nataka kuonyesha kwamba mtoto wetu aingiapo darasani kujifunza Kiingereza haingii mikono mitupu, bali ana sarufi kamili aliyokwisha kuimiliki, nayo ni sarufi ya lugha yake; na kwamba mwalimu asiyeijali sarufi hiyo humtaabisha mwanafunzi bure, kwani hukaa mno pasipo na ugumu, akapita mbio pale penye ugumu wenyewe.

Kadhia hii si ndogo. Katika shule za serikali za Tanzania mtoto husoma masomo ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo. Kisha afikapo kidato cha kwanza, historia, jiografia, hesabu na elimu ya viumbe zote humjia kwa Kiingereza. Jirani zetu wa Kenya huigeuza lugha ya kufundishia mapema zaidi. Popote pale, mtoto ambaye hakuzipata kaida chache za msingi hulazimika kukabili mambo mawili kwa pamoja, elimu na lugha ya elimu, nasi aghalabu tukamhukumu kuwa hana akili, ilhali akili anayo tele, na kilichompungukia ni maelezo ambayo hakuna aliyempa kwa wakati wake. Naona uchungu kila nionapo daftari la mtoto wa namna hiyo, limejaa wino mwekundu kila ukurasa, na kosa lile lile limesahihishwa mara nyingi bila ya mtu kumweleza asili yake.

Hoja ya kwanza: mtoto anayo sarufi tayari

Mchukueni mtoto wa miaka mitano hapa mjini, mtoto ambaye hajaujua hata ubao wa shule, mkamsikilize anavyosema. Atasema kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umeanguka, miti imeanguka, wala hakosei, na hakuna mtu aliyemketisha akamsomesha ngeli. Hazina hiyo aliyo nayo ni kubwa kuliko tudhanivyo. Tazameni neno moja tu, neno ambalo kila mtoto hulisema bila ya kufikiri: hatutawaonyesha. Ndani yake mna vipande vitano. Ha ni kukanusha. Tu ni sisi. Ta ni wakati ujao. Wa ni wale wanaotendwa. Onyesha ni kitendo chenyewe. Kiingereza nacho kina maneno matano kwa maana hiyo hiyo, "we will not show them", yaani yaliyo ndani ya neno letu moja yametawanywa nje, kila moja likasimama peke yake.

Basi mwalimu na aliandike neno hilo ubaoni, alikate vipande vitano kwa chaki, na chini yake aandike yale maneno matano ya Kiingereza, kisha awaite watoto mmoja mmoja wachore mstari kutoka kipande hiki hadi neno lile. Mistari itapishana. Kukanusha kwetu kumo mwanzoni, kwao kumo katikati. Mtendwa wetu yumo kabla ya kitendo, wao humweka mwisho. Kupishana kule kwa mistari ndiko somo lenyewe, na mtoto aliyekuona kwa macho yake hahitaji tena kuhifadhi maelezo marefu ya kitabu.

Hapo twafikia kaida iliyo mama wa kaida zote za Kiingereza, nayo ni mpangilio wa maneno. Sisi twaweza kusema: mtoto amekisoma kitabu, twaweza kusema pia: kitabu mtoto amekisoma, na hata: amekisoma kitabu, mtoto. Zote ni sahihi, kwa sababu a na ki ndani ya kitenzi zimekwisha kubainisha nani msomaji na nini kisomwacho, maneno mengine yakawa huru kuhama. Kiingereza hakina uhuru huo. "The boy has read the book" ni maneno ya mtu mwenye akili zake. Ukigeuza mahali pa majina mawili hayo, kitabu ndicho kilichomsoma mvulana. Zamani haikuwa hivyo. Kiingereza kilichosemwa kabla ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066 kilikuwa na alama mwishoni mwa majina, za kumtenga mtendaji na mtendwa. Karne zikapita, alama zile zikadhoofu na kudondoka, na kazi yake ikaangukia mpangilio. Ndiyo maana mwalimu wa Kiingereza lazima alinde mpangilio wa maneno tangu siku ya kwanza: mtendaji, kitendo, mtendwa, na habari za mahali na wakati baadaye. Mtoto aliyelipata hili vizuri ataeleweka hata akikosea mengine yote.

Hoja ya pili: maneno madogo ambayo kwetu hayapo

Nawaomba mnivumilie hapa, maana nitakaa kidogo. Mkimwuliza mwalimu yeyote wa Kiingereza ni kosa gani lisilokwisha, tangu darasa la tatu hadi chuo kikuu, atawataja "a" na "the". Mtoto ataandika kwamba amenunua samaki sokoni, "I bought fish at market", na mwalimu atachomeka neno lililopungua kwa wino mwekundu, na kesho mtoto ataliacha tena. Si mkaidi. Lugha yake haimdai neno hilo, basi jicho lake halioni pengo.

Walakini maana yenyewe anaijua. Msikilizeni bibi anaposimulia hadithi usiku: hapo kale palikuwa na sultani, sultani yule alikuwa na binti, binti yule akapendwa na maskini. Mara ya kwanza sultani hajulikani, naye hutajwa hivi hivi tu. Mara ya pili msikilizaji amekwisha kutambulishwa kwake, ndipo msimulizi akaongeza yule. Sasa isemeni hadithi hiyo kwa Kiingereza: "There was a king. The king had a daughter." Asiyejulikana amepewa "a", aliyekwisha kujulikana amepewa "the". Tofauti iliyopo ni kwamba Kiswahili humwachia msimulizi hiari, aseme yule au asiseme, na Kiingereza hakimwachii. Humlazimisha kutangaza, kila atajapo jina la kitu kimoja, ama kinajulikana kwa msikilizaji ama hakijulikani. Mtoto akielezwa hivyo kwa hadithi ambayo ameisikia kwa bibi yake, akapewa aya tupu ajaze mwenyewe "a" na "the", huanza kuliona lile pengo. Nawasihi waalimu wajaribu kwa hadithi, wasianze kwa kanuni.

Yabaki mambo madogo ya kukamilisha. Jua na mwezi hupewa "the" hata mara ya kwanza, kwa kuwa kila mtu anavijua. Mji hauitaki, twasema "Tanga" tu; bali mto huitaka, "the Pangani", na bahari pia, "the Indian Ocean". Kuchagua kati ya "a" na "an" ni kazi ya sikio, wala si ya jicho: "an hour", kwa kuwa herufi ya kwanza haitamkwi, na "a university", kwa kuwa lasikika kama laanza na sauti ya yu. Na yako majina ambayo kwetu huhesabika na kwao hayahesabiki, kama shauri na habari. Sisi twasema mashauri mawili, habari tatu. Mwingereza hasemi "an advice" wala "two advices", na mtoto asemapo hivyo amefuata lugha yake kwa uaminifu. Orodha ya majina ya namna hiyo si ndefu, nayo yafaa ibandikwe ukutani.

Hoja ya tatu: mwanamume na mwanamke

Hili nitalipita upesi. Yeye yetu ni moja kwa baba na kwa mama, na a iliyo katika anaumwa haimtengi mwanamume na mwanamke. Hivyo mtoto husema "my mother, he is sick", na wenziwe wakacheka. Asichekwe. Maelezo ya dakika mbili yatosha, kisha dawa ni mazungumzo mengi juu ya jamaa zake mwenyewe, shangazi, mjomba, nyanya, kaka, hadi ulimi uzoee. Vivyo hivyo kwa ni, ambayo kwetu haigeuki, mimi ni, wewe ni, wao ni, na kwao imegawanyika kuwa "am", "is" na "are". Hayo huhifadhiwa kwa kusemwa tu, wala hakuna falsafa ndani yake.

Hoja ya nne: nyakati za kitenzi

Hapa ndipo palipo kiini cha mhadhara wangu, na ndipo ninapoona tunawadhulumu watoto wetu zaidi. Vitabu huwapangia nyakati za Kiingereza katika majedwali, zenye majina marefu, na watoto huzikariri kama sala, kisha wakitaka kusema kwamba baba amelala husema "father has slept". Kwa nini? Kwa sababu waliambiwa kwamba me yetu ni "has" yao, basi, wala hawakuambiwa kwamba me ina kazi mbili.

Tuzitazame kwa karibu. Nikisema mgeni amefika, nakusudia tendo lililotimia, na Kiingereza chake ni "has arrived". Hapo kanuni ya kitabu yafaa. Lakini nikisema baba amelala, sikusudii kueleza tendo la kulala lililotimia, nakusudia hali aliyo nayo sasa hivi, usingizini. Na Kiingereza chake ni "father is asleep". Amechoka ni "he is tired". Amesimama ni "he is standing". Amevaa kanzu ni "he is wearing a kanzu". Oneni ajabu hii: wakati mmoja wetu, wa me, umekwenda kwao kwa njia tatu, mara kwa "has", mara kwa "is" na neno la sifa, mara kwa "is" na kitenzi chenye "ing". Tena anasimama kwetu ni yule anayeinuka kitini, bado hajawa wima, ambaye kwao ni "he is standing up". Mtoto wa Kiswahili huzijua tofauti hizi barabara. Hatamwambia mtu mwenye kanzu mwilini kwamba anavaa kanzu. Swali moja tu lamtosha, nalo ni hili: je, me hii yasema jambo limetendeka, au yasema mtu yu katika hali fulani? Akilijibu, nusu ya makosa yake ya nyakati yatatoweka. Nami nadiriki kusema kwamba swali hilo lafaa kuwa la kwanza katika kila kitabu cha Kiingereza kinachoandikwa kwa watoto wetu.

Ama na yetu, hiyo nayo hutumika kwa mambo mengi. Ninasoma, kwa maana ya sasa hivi, ni "I am reading". Lakini ninajua, ninapenda, ninataka, ambazo ni kazi za moyo na akili, hazikubali umbo hilo, huwa "I know", "I like", "I want". Na kwa desturi ya kila siku Kiswahili kina hu: baba huvua samaki. Hapa napenda kuwapa waalimu kanuni nyepesi: popote mtoto awezapo kusema huvua, huenda, husoma, na atumie umbo tupu la kitenzi cha Kiingereza, asiweke "am" wala "is". Kisha amkumbuke mtu wa tatu, aliye peke yake, anayedai "s" mwishoni, "he goes", "she reads". Mnajua kwa nini "s" hiyo husahauliwa kila mara? Hu yetu haimjui mtu. Mimi huenda, wewe huenda, yeye huenda, wao huenda, zote sawa. Mtoto aliyezoea usawa huo haoni sababu ya kumbagua mtu wa tatu. Mwambieni sababu, kwamba "s" ile ni mabaki ya wakati ambapo kila mtu alikuwa na alama yake katika Kiingereza, zikapotea zote ikabaki hiyo.

Lipo na suala la "do" na "did". Mwanafunzi husema "he did not saw", akaulizwa mara ngapi atafundishwa. Mfundisheni kwa lugha yake. Kuona: aliona, ukikanusha, hakuona. Ile li imekwenda wapi? Imetoka, kwa kuwa wakati uliopita umekwisha kuonyeshwa mahali pengine, na kitenzi kimerudi katika hali yake. Hakuna mtoto hata mmoja, Tanga nzima, aliyewahi kusema haaliona. Kwao ni vile vile: "he saw", ukikanusha, "did" yachukua wakati uliopita, na "saw" yarudi kuwa "see". Wakati hutajwa mara moja tu. Nimeona watoto wakielezwa hivi, na nyuso zao zikafunguka.

Hoja ya tano: wingi, na neno juu ya ndiyo

Kiswahili huutangaza wingi mwanzoni mwa neno na kuurudia kwa kila jirani yake: vitabu vizuri vile viwili. Kiingereza huuweka mwishoni, tena hakiliwekei neno la sifa: "those two good books". Sikio la mtoto limezoea kutega mwanzo wa neno, hivyo "s" ya mwisho humpita; na moyo wake wa kupatanisha humfanya aandike "goods books". Majina machache yana wingi wa kikale, "children", "men", "feet", "oxen". Hayo na yahifadhiwe, hayazidi ukurasa mmoja.

Wale wenzetu mnaofanya kazi bandarini bila shaka mmekutana na jambo hili lingine. Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, hukula?, nawe hukula, wamjibu ndiyo, yaani usemavyo ni kweli, sikula. Mgeni akikuuliza kwa Kiingereza, "Didn't you eat?", ukamjibu "Yes", amefahamu kwamba umeshiba. Kwao jibu hufuata kitendo, wala halifuati maneno ya muulizaji: hukula, basi ni "No". Kosa hili halimo katika majedwali ya vitabu, na huleta hitilafu kubwa kuliko yaliyomo.

Hoja ya sita: somo kutoka kwa waandishi wa sarufi

Waingereza wenyewe walipata taabu hii. William Bullokar alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza mwaka 1586, akafuatiwa na wengine wengi, miongoni mwao Robert Lowth mwaka 1762, na Lindley Murray mwaka 1795, Mmarekani kwa kuzaliwa, aliyekiandika chake akikaa mjini York, kwa haja ya shule ya wasichana, kikaenea ulimwenguni. Wanavyuoni hao walikuwa na fadhila nyingi, ila walikulia katika Kilatini, na kwa sehemu kubwa waliikata nguo ya Kiingereza kwa kipimo cha Kilatini. Hivyo watoto wa Uingereza wakakariri hali za jina katika lugha ambayo jina lake karibu halibadiliki. Tusiwarithishe watoto wetu taabu hiyo kwa mara ya pili.

Upande wa pili, tazameni waliotuandikia sarufi ya Kiswahili kwa ajili ya wageni: Ludwig Krapf mwaka 1850, Edward Steere wa Unguja mwaka 1870, na Bibi E. O. Ashton mwaka 1944. Hao walimweleza msemaji wa Kiingereza lugha yetu, na kila mara walimkumbuka msomaji wao, ana nini na hana nini. Bibi Ashton hata alipanga mengi katika kitabu chake kwa kufuata fikra zinazokusudiwa, hakutosheka na jedwali la Kilatini. Mtoto wetu naye anastahili kuandikiwa kwa uangalifu huo huo, kutoka upande wake.

Kwenu wazazi nina ombi. Wako wanaoiacha lugha yao nyumbani, wakazungumza na watoto Kiingereza cha kubahatisha, wakidhani wanawasaidia. Nia yao ni njema, lakini wanawanyang'anya kile ambacho mwalimu angekijengea. Mtoto asemaye Kiswahili kilichonyooka, anayesimuliwa hadithi, anayetegua vitendawili, anayejua kutenga yupo, yuko na yumo, huyo atazielewa "at" na "in" kwa siku moja. Semeni naye Kiswahili, tena fasaha.

Sasa nije kwenye kazi iliyo mbele yetu. Nawaomba waalimu wa Kiingereza waliomo humu, kuanzia Jumatatu, kila mmoja afungue daftari moja la makosa ya darasa lake. Upande wa kushoto aandike sentensi ya mtoto kama alivyoisema, na upande wa kulia aandike sentensi ya Kiswahili ambayo mtoto aliifikiria. Asiandike jina la mtoto. Mwisho wa muhula tukutane, kwa idhini ya Bwana Mwenyekiti, katika ukumbi huu huu, tuyaweke madaftari juu ya meza moja, tuyapange makosa kwa asili zake, na tuanze kuandika kitabu kidogo cha watoto wa darasa la tano, chenye hadithi mwanzoni na me katika sura yake ya kwanza. Walio na mashine ya kupigia chapa wametuahidi msaada wao, na waalimu wawili wamekwisha kujitolea kuchora picha. Nitakaa hapa baada ya maswali kuyaandika majina ya wanaotaka kushiriki.